Saa za Ziada za Baba Kijiko

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa nne asubuhi, Mama Kijiko alizipanga bahasha tano za kaki juu ya meza yake ya kukatia nguo, akaziandika kwa chaki ya fundi: Kodi, Chakula, Shule, Umeme, Krismasi. Chaki yenyewe ilikuwa ile ya bluu ya kuwekea alama kwenye kitambaa, inayofutika ikiguswa tu, na ndivyo alivyotaka. Mtu wa nyumba hiyo akizishikashika bahasha, vidole vitamshitaki. Ile ya Krismasi aliiandika mara mbili.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule ndogo, na sebule hiyo cherehani ilikuwa imeimeza yote. Waliishi humo watu watano. Mama Kijiko, fundi wa nguo, mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mumewe, mpakiaji mizigo kwenye ghala la mafriji na majiko. Bibi, mama mzazi wa mume, ambaye alikuwa na kiti chake karibu na dirisha na maoni yake juu ya kila kitu. Dada, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliyewashinda wazazi wake wote wawili kwa hesabu na hakulificha hilo. Na Kijiko mwenyewe, miaka mitano, aliyeitwa hivyo kwa sababu tangu aanze kutembea alikuwa anazunguka na kijiko mfukoni, maana huwezi kujua utakutana na nini.

Mwaka huo Mama Kijiko alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alitaka watu watano mezani mchana wa Krismasi. Watano, si wanne. Miaka minne mfululizo ghala lilikuwa linahesabu mali tarehe ishirini na tano, na miaka minne mfululizo sahani ya Baba Kijiko ilifunikwa kwa sahani nyingine na kusubiri. Lakini mwaka huu Meneja alikuwa amepanda juu ya kreti na kutangaza mbele ya wapakiaji wote ishirini kwamba Krismasi wanapumzika. Mbele ya watu! Basi Mama Kijiko akapiga bajeti yake vizuri: kuku wawili, mchele kilo tatu, keki, soda kreti moja, viatu vya watoto. Kwa ajili yake mwenyewe hakuandika kitu.

Tatizo lilikuwa saa za ziada. Zamu ya Baba Kijiko iliisha saa tisa alasiri. Lakini kuelekea mwisho wa mwaka malori yalikuwa mengi, na wapakiaji walibakizwa mpaka saa kumi na mbili jioni, siku nenda siku rudi. Kwenye karatasi ya mshahara, mahali palipoandikwa "saa za ziada", palichorwa kistari. Ukiuliza, Meneja anakwambia kwa upole, "Tutaliangalia mwezi ujao." Miezi ilikuja, akaliangalia, kistari kikabaki palepale.

Jumatatu Baba Kijiko alirudi saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, vumbi la maboksi mpaka kwenye nyusi. Akavua viatu, akatundika shati kwenye msumari, na nyuma yake, kabla hajafunga mlango, ikaingia saa tisa alasiri. Jua likarudi dirishani, juu ya cherehani, pale pale linapokaa kila siku saa tisa. Nje barabarani giza lilikuwa linaingia na taa za dukani zimeshawashwa. Mama Kijiko aliinuka akazima balbu. Umeme ni umeme.

"Zimefika," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Nini, Mama?"

"Saa zake. Zile wasizomlipa." Alimgeukia mwanawe. "Wewe una bahati, zako zinakuja kila siku. Marehemu baba yako, na kazi yake ya reli, zake zilikuja zote kwa pamoja siku ya msiba. Tulikaa msibani siku moja, ikachukua miezi miwili. Mchele uliopikwa siku ile, we! Watu walizoeana mpaka wakaanza kugombana."

Baba Kijiko aliitazama saa ya ukutani, akaona tisa na dakika mbili, akasema kama ndivyo basi atajinyoosha kidogo. Akalala kwenye mkeka mpaka saa tatu zile zilipokwisha. Jua likaondoka dirishani, ikawa tena kumi na mbili na nusu, na mtangazaji wa redio ya jirani akamalizia sentensi aliyokuwa ameianza.

Tangu hapo zikawa zinakuja kila siku ya kazi, saa tatu kamili, bila kupungua hata dakika. Siku mbili za mwanzo Baba Kijiko alizilala zote. Siku ya tatu aliamka katikati, akatengeneza bawaba ya mlango iliyokuwa inalia tangu Pasaka. Siku ya nne alimsuka Dada nywele, akamsuka vibaya kabisa, na Dada akaenda nazo shule vilevile na kumkatalia mama yake asizifumue. Kijiko alimfundisha baba yake mchezo wa vizibo, kisha akamwibia waziwazi. Mama Kijiko alishona akiwa amewapa mgongo, anawasikia wanavyobishana, na mara kwa mara alisahau kukanyaga cherehani. Ilikuwa miaka mingi hajamsikia mumewe akibishana juu ya vizibo.

Jirani wa nyumba ya pili aligonga mlango wiki hiyohiyo, beseni la mashuka mabichi kiunoni.

"Samahani, shoga. Naomba jua kidogo tu. La kwangu limeshazama."

"Anika uani, lakini usimalize kamba yote."

Akaanika. Kesho yake alikuja na mapazia.

Halafu ikaja kazi ya kwaya. Majoho ishirini na manne, marefu, yenye kola, yanatakiwa kabla ya mkesha. Mafundi watatu walikuwa wamekataa kwa sababu muda hautoshi. Mama Kijiko aliyapokea bila hata kukuna kichwa. Mwenyekiti wa kwaya alipouliza atawezaje, alimjibu, "Wewe lete kitambaa, mengine niachie mimi." Tarehe kumi akaja mke wa Meneja mwenyewe, na kitambaa cha kijani cha kung'aa, gauni la sherehe, amezunguka mji mzima hakuna fundi wa kumkubalia.

"Wote wananiambia nimechelewa," alilalamika.

"Kwa wengine umechelewa. Kwetu muda si tatizo, mama, mume wangu anarudi nao kutoka kazini."

Alilisema hivi hivi tu, sindano ziko mdomoni, kama anayesema mume wangu anarudi na mkate. Lilikuwa kosa, na kosa la aina hiyo lingeweza kufanywa na mtu wa nyumba ile tu. Wakati ule hakuliona. Alikuwa anapima kiuno.

Kilichoanza kumsumbua kilikuwa bahasha ya Chakula. Ilipofika tarehe kumi na tatu ilikuwa nyepesi kuliko ilivyopaswa, na chaki yake haijafutika mahali popote. Hakuna aliyeiba. Alimwita Dada, wakakaa na daftari.

"Mama, ni rahisi," Dada alisema kwa ile sauti yake ya ualimu. "Tunakula mchana. Tunakunywa chai saa kumi. Halafu Baba anakuja na saa tisa yake, tunacheza saa tatu nzima, tunapata njaa. Zikiisha, nje bado ni kumi na mbili na nusu. Chakula cha usiku bado. Kwa hiyo tunakula mara moja zaidi, kila siku."

"Mkate mmoja kila siku."

"Mkate na robo. Robo ni ya Kijiko. Na saa tatu mara siku ishirini za kazi ni saa sitini, yaani siku mbili na nusu. Desemba yetu sisi ina siku thelathini na tatu na nusu, Mama. Na mshahara wa Baba ni wa mwezi wa kawaida."

Mama Kijiko aliipitia hesabu hiyo kwa kidole. Ghala lilikuwa linazitumia saa za mumewe bure, na kuzilisha alikuwa anazilisha yeye. Mkate, sukari, majani ya chai, gesi: elfu thelathini na moja mpaka mwisho wa mwezi. Lakini kwaya ingemlipa tisini na sita, na bila saa zile kwaya asingeipata. Alijumlisha, akatoa, akakuta bado anabaki na kitu, na kitu hicho kilitosha viatu jozi mbili na kuku wa pili. Basi akahamisha fedha kutoka bahasha hii kwenda ile, akachora mstari chini, akaenda kukata mkate. Hakuwa na hasira bado. Watoto walikuwa wamenenepa kidogo na mlango haulii tena.

Tarehe ishirini na mbili Baba Kijiko aliingia na saa tisa yake nyuma, lakini hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Tunahesabu mali," alisema.

"Lini?"

"Tarehe ishirini na tano. Kuanzia kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni."

Mama Kijiko alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Si aliahidi? Si alipanda juu ya kreti?"

"Leo alipanda tena."

Bibi aligeuza kiti chake kuelekea dirishani. Jua la saa tisa lilikaa juu ya lile gauni la kijani lililokuwa limebakiza pindo tu, na Mama Kijiko alishikwa na hasira, akashindwa kutunga uzi mara tatu. Siku hiyo mkate ulikatwa vipande vikubwa na hakuna aliyekemewa.

Kesho yake asubuhi alienda ghalani, gauni mkononi, karatasi za mshahara za miezi saba kwenye mkoba. Meneja alimpa kiti. Alikuwa mtu mstaarabu, shati limepigwa pasi vizuri, na ofisini kwake kulikuwa na kalenda mbili.

"Nimekuja kwa ajili ya saa za mume wangu," Mama Kijiko alisema.

"Ndiyo. Mke wangu ameniambia." Meneja alifungua faili kwa furaha ya mtu aliyepata stakabadhi iliyopotea. "Kusema kweli lilikuwa linaninyima raha suala hilo. Kumbe saa mnazipata?"

"Zinakuja nyumbani."

"Zote?"

"Za mwezi huu, zote."

"Zina kasoro yoyote? Zimekatika katikati, zimekuja na giza?"

"Hapana. Nzima."

"Na mmezitumia?"

Mama Kijiko alifikiria majoho ishirini na manne. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Tumezitumia."

"Basi." Meneja aligeuza karatasi ili Mama Kijiko aweze kuisoma. Ilikuwa imepigwa chapa: *Sisi tuliotia saini hapa chini tunakiri kupokea saa zetu zote za ziada, zikiwa nzima, majumbani kwetu, na hatuna dai lolote.* Chini yake kulikuwa na saini ishirini. Ya Baba Kijiko ilikuwa ya tatu, kubwa, ya uangalifu, kila herufi imekaa peke yake. Mama Kijiko aliona kwamba mumewe aliitia saini akiwa amesimama, kwa sababu mstari ulikuwa umepanda kidogo.

"Na tarehe ishirini na tano?" aliuliza.

"Itakuja nayo. Saa kumi na mbili nzima, kuanzia alfajiri. Hamkosi kitu. Kwa kweli mnapata zaidi ya watu wengine, maana nyinyi mtaianza wakati wao wanaimaliza. Mtafurahi, Mama Kijiko. Utaniambia." Akalinyooshea mkono lile gauni. "Hilo nalo, nadhani bei itapungua kidogo. Limeshonwa kwenye saa za kampuni."

Hapo Mama Kijiko aliliweka gauni mapajani mwake na kulikunja upya, taratibu.

"Hebu tuelewane, Meneja. Saa hizi ni za kampuni au za mume wangu? Kama ni za kampuni, njoo uzichukue, ziko kwangu zinakula mkate na robo kila siku. Kama ni zake, gauni nimelishona kwenye saa zake."

Meneja alizitazama kalenda zote mbili.

"Ni zake," alikiri. "Ndiyo maana amezipokea."

"Basi nilipe gauni lote."

Alilipwa lote, mpaka na ile mia mbili ya zipu. Alitoka pale na pesa ya gauni mkobani na karatasi saba zenye vistari, na njiani alinunua keki.

Krismasi yenyewe Baba Kijiko aliondoka kabla ya kupambazuka. Wengine walienda kanisani. Kwaya iliingia na majoho ishirini na manne, mapindo yote yamelingana, na Mama Kijiko alisali vizuri zaidi kwa sababu hiyo. Walipotoka ilikuwa saa tano na nusu, mitaa yote inanukia vitunguu vya watu. Kijiko alisimama jikoni na viatu vyake vipya, akawatazama wale kuku wawili wabichi kwenye beseni.

"Tunapika?"

"Bado."

"Saa ngapi?"

"Krismasi yetu inaanza kumi na mbili na nusu jioni. Baba ndiye anayo."

Kijiko alilipima jambo hilo. Kisha akampa Bibi kijiko amshikie, akaenda kucheza. Walikula mkate na chai mchana, nguo mpya zimelindwa kwa taulo. Ilikuwa siku ndefu. Jirani alipita na sahani iliyofunikwa, Mama Kijiko akamshukuru na kumwambia airudishe baadaye kidogo, wataanza wakati wake wa kulala. Jirani akasema sawa, na kama kutakuwa na jua ataleta na foronya.

Saa kumi na mbili na nusu wapakiaji walirudi mtaani, kila mmoja na Krismasi yake. Baba Kijiko aliingia, na nyuma yake ikaingia alfajiri yenye ubaridi. Upande wa pili wa barabara kukapambazuka kwenye nyumba ya mpakiaji mwenzake, kisha kwenye nyumba ya pembeni, kisha kule kwenye mteremko. Kwenye nyumba sita majogoo waliwika. Katikati yao nyumba nyingine zilikuwa gizani, watu wakiosha vyombo vya Krismasi yao.

"Heri ya Krismasi," Baba Kijiko alisema.

"Nenda kaoge," akajibiwa. "Maji yako tayari."

Wakaianza siku. Dada alimenya vitunguu saumu, Kijiko alichagua mchele na kula uliomponyoka. Bibi alitoa maoni juu ya kuku wa kwanza, akayabadilisha kwa kuku wa pili. Baba Kijiko alichota maji, akapanga viti, akahadithia jinsi walivyohesabu mafriji elfu moja mia nne kumi na sita, Meneja akasema hesabu haikumpendeza, wakayahesabu tena, yakawa yaleyale. Saa tatu asubuhi alikaa chini ili afunge kamba ya kiatu. Alilala akiwa ameinama hivyohivyo. Walimwegesha ukutani, akaendelea.

Saa sita mchana meza ilipangwa. Mama Kijiko na Dada walimwinua kila mmoja kwapa, wakamkalisha mbele ya sahani yake. Kichwa kilienda mbele, kikatua mezani, karibu na soda.

"Tumwamshe?" Dada aliuliza.

Mama Kijiko aliihesabu meza. Mume, mama mkwe, Dada, Kijiko, yeye. Watano. Mchana wa Krismasi, jua liko juu ya paa. Alikuwa ameomba watano, hakuwa amesema wawe macho.

"Mwacheni. Tuombe."

Waliomba kwa sauti ya chini, wakala kwa sauti ya chini, wakapitishiana vyakula juu ya mgongo wake. Kijiko alimwekea paja la kuku kwenye sahani, akalilinda dhidi ya kila mtu, akiwemo yeye mwenyewe, na hilo la pili ndilo lililomtoa jasho. Saa tisa Baba Kijiko aliinua kichwa, alama ya kitambaa cha meza shavuni.

"Saa ngapi?" aliuliza, na tayari alikuwa anatafuta viatu kwa miguu.

"Tisa. Uko nyumbani. Kula."

Alikula sahani mbili na nusu, na keki, na paja lile akalila mpaka mfupa ukang'aa, Kijiko anamtazama. Kisha akaweka kanda kwenye redio, akacheza na Dada, akacheza na Bibi, ambaye alisema goti haliruhusu na halafu likaruhusu. Mama Kijiko alivutwa mkono akiwa na sufuria. Alicheza nayo. Walicheka mpaka jirani, aliyekuwa uani anaanua foronya, naye akacheka bila kujua kisa.

Siku ile ilipokwisha, wao wawili walikaa kwenye ngazi ya mlango. Kule mteremkoni nyumba za wapakiaji zilikuwa zinarudi gizani moja baada ya nyingine. Mama Kijiko alijichunguza, jinsi anavyochunguza mshono kabla ya kumkabidhi mteja, akakuta amefurahi. Alikuwa amefurahi kweli, mwili mzima. Mtafurahi, Meneja alikuwa amesema, utaniambia. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya hasira, mawili matatu, akayafuta kwa ukingo wa kanga kabla hayajafika mbali.

"Nini tena?" mumewe aliuliza.

"Hakuna. Nimefurahi." Alimwegemea. "Kesho unaingia saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi."

"Na kutoka?"

"Tisa," Baba Kijiko alisema, na wote wawili wakacheka.